Yah: Mume Wangu Mliyemgeuza Mtalii Mtaani Kwake

Lindengracht, Amsterdam
Alhamisi asubuhi

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Safari za Mtoni Lisdodde,
Arnhem.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA MUME, DOUWE KLOOSTERBOER, KATIKA HALI MLIYOMKUTA NAYO

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Natumaini u mzima wa afya, na kama una mke, natumaini naye anajua ulipolala jana. Mimi najua mume wangu alipolala. Alilala hotelini nyuma ya stesheni kuu, mwendo mfupi tu kutoka kitandani kwake, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sina kawaida ya kulalamika. Waulize manispaa. Barua zangu kwao zote zilikuwa za kushauri, na walikuwa wakinijibu vizuri mpaka walipoacha.

Nianze na chanzo, ili baadaye usije ukasema hukuelewa. Binti yetu Marloes alitupa zawadi kwa sababu ya kutimiza miaka arobaini na mitano ya ndoa. Zawadi yenyewe ni safari ya meli yenu katika mto Rhine, kutoka hapa mpaka Basel kule Uswisi, watu wawili, chumba kimoja chenye dirisha. Mimi nilikataa. Nilimwambia mgongo unaniuma, nikamwambia maua ya dirishani yatakauka, nikamwambia paka atabaki na nani, na paka alikufa mwaka juzi. Douwe alisema basi yeye atakwenda. Sikubisha. Nilihesabu kwamba ataondoka Alhamisi, atarudi wiki inayofuata, na mimi nitapata nafasi ya kusugua sakafu hadi pembeni bila mtu kuinua miguu kwa kununa.

Ambacho sikukijua ni kwamba kwenye tiketi zenu kuna maandishi madogo: siku mbili za kuvinjari mji rafiki wa baiskeli kabla ya kupanda meli, pamoja na hoteli, baiskeli na kiongozi. Ndugu Mkurugenzi, mji huo ni Amsterdam. Ni huu huu. Mume wangu alizaliwa humu, akasoma humu, akaendesha tramu humu mpaka alipostaafu. Nilidhani atacheka. Yeye akavaa miwani, akasoma mara ya pili, akaniambia, "Geertje, imo kwenye bei."

Wewe ni mtu wa Arnhem, kwa hiyo unajua maneno hayo yanavyotufanya sisi Waholanzi. Kitu kikishakuwa kwenye bei, hata kama ni kung'olewa jino, mtu wetu atakwenda. Lakini nyinyi mlijua udhaifu huo mkautumia. Sasa nayaorodhesha madhara, moja baada ya jingine.

1. Jumatatu Douwe alifunga sanduku, akanibusu mashavuni mara tatu kama mtu anayehamia Australia, akaondoka nyumbani kwenda kulala mjini kwake. Alipiga mluzi mpaka kona. Nilimsikia. Jioni akapiga simu kunieleza kwamba chumbani kuna birika la umeme na vijipakiti vya sukari. Sisi tuna birika. Nilimnunulia mwenyewe alipostaafu, na hajawahi kulizungumzia.

2. Jumanne asubuhi mlimvika kofia ngumu. Naomba usome sentensi hiyo polepole. Mume wangu amepanda baiskeli tangu kabla hajajua kusoma. Ameipanda kwenye barafu, ameipanda akiwa na kabati mgongoni, ameipanda siku ya harusi yetu huku mimi nimekaa nyuma na gauni nimelishika mkononi. Hajawahi kuvaa kitu kichwani zaidi ya nywele, na hizo aliziacha mwenyewe. Nyinyi mkamvika kofia ya rangi ya limau, mkamvalisha na kizibao cha kung'aa chenye jina la kampuni mgongoni, mkamtia kwenye mstari wa watu kumi na wawili nyuma ya mama mmoja aitwaye Fenna mwenye bendera kwenye baiskeli yake. Shemeji yangu alimwona barabara ya Haarlemmerdijk, akageuza uso. Alisema aliona haya kwa niaba ya ukoo.

3. Mtu huyo huyo, ambaye maisha yake yote ya kazi aliwapigia kengele watalii watoke relini, jana alisimama relini. Alisimama katikati kabisa, miguu ikiwa huku na huku ya baiskeli, akipiga picha ya mnara wa kanisa ambao ameupita kila siku akiwa kazini. Tramu iliyokuja nyuma yake iliendeshwa na Hidde, kijana aliyefundishwa kazi na Douwe mwenyewe. Hidde akapiga kengele. Douwe hakutoka. Aligeuka, akampungia mkono, akamwambia, "Ngoja kidogo, bwana mdogo, jua linatoka!" Hidde amenipigia simu kuuliza kama mzee amepatwa na kiharusi.

4. Heringi. Sisi watu wa mji huu tunamla samaki huyo akiwa amekatwakatwa, na vitunguu na achari, kwa kijiti, kama binadamu. Nina picha niliyotumiwa na Douwe mwenyewe, kwa furaha, akiwa ameinua uso mbinguni na samaki mzima ananing'inia mdomoni kwa kushikwa mkia. Chini ameandika, "Fenna anasema ndivyo tunavyokula." Sina la kuongeza hapa.

5. Sasa naomba uketi, kama ulikuwa umesimama. Jumanne alasiri nilikuwa sebuleni, mapazia wazi kama ilivyo kwa kila mtu asiye na la kuficha, namenya viazi. Nilikuwa namenya viazi vya watu wawili, kwa mazoea, na nilivigundua vimezidi nilipokuwa nimeshamaliza. Nikainua macho. Dirishani kulikuwa na kofia za limau, zimepangana. Mliwaleta kwangu.

Kioo chetu si kizito, na yule Fenna ana kipaza sauti. Nilimsikia akisema, "Na hapa, wapendwa, tunaona maisha halisi ya mitaa ya Jordaan. Angalieni yule bibi. Hajali kabisa kwamba tunamtazama." Nilikuwa najali sana. Nilikuwa na aproni yenye doa, na kisu mkononi. Katikati ya zile kofia nikamwona Douwe. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, ananitazama kama mtu anayeangalia picha ukutani mwa jumba la makumbusho, kisha akawaambia wenzake, "Huyo ni mke wangu." Kundi zima likaangua kicheko. Fenna akasema, "Douwe na utani wako!" Naye akacheka pamoja nao, Ndugu Mkurugenzi, lakini hakuacha kutazama. Halafu akainua kamera.

Sijatazamwa hivyo siku nyingi. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya mchana tangu tuhamie nyumba hii: nikafunga mapazia.

6. Hapa ndipo hasara ilipovuka mlango wangu ikaingia mtaani. Kwetu Lindengracht, mapazia yakifungwa mchana, nyumba hiyo imefiwa. Hakuna anayeuliza. Jirani yetu Cor Vlasblom, mwenzake Douwe wa kucheza karata, hakuwa amemwona tangu Jumatatu, kwa hiyo alifanya hesabu yake. Alibisha hodi akiwa amevaa koti la mazishi, kofia ameishika kifuani.

"Geertje, pole mno. Sina maneno."

Nilidhani anazungumzia ile aibu ya dirishani. Nikamjibu, "Asante, Cor. Lilikuwa jambo la ghafla. Tena mbele ya kundi la wageni, na wengine walikuwa wanapiga picha."

Cor akashika mwimo wa mlango. Akauliza kama Douwe aliteseka. Nikamwambia hapana, ndicho kinachoniuma, alikuwa anacheka. Akasema ndivyo Douwe alivyokuwa, mtu wa raha mpaka mwisho, akajifuta macho, akaenda. Kabla jua halijatua nilikuwa na sufuria tatu za supu mlangoni. Mojawapo ni ya njegere, supu ya siku za barafu, mwezi wa Mei, kutoka kwa Ans wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa kawaida hatusalimiani. Kufikia hapo nilikuwa nimeshaelewa, lakini ungewaambia nini? Kwamba mume wangu hajafa, bali anavinjari? Niliona kifo kina heshima zaidi. Nikazipokea sufuria.

7. Jana, Jumatano, marehemu alipita mtaani.

Cor alikuwa nje anajaza upepo kwenye gurudumu. Ans alikuwa anafuta vioo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeacha upenyo. Alipita na kofia yake ya limau, anapiga kengele bila sababu, na kwenye keria ya nyuma alikuwa amekaa mwanamke. Cor alivua kofia kwanza, kwa heshima ya marehemu, ndipo akatukana. Sitaliandika tusi lenyewe kwa kuwa hii ni barua rasmi, lakini lilimtaja mamaye Douwe na lilifika mpaka sokoni. Douwe akamjibu kwa furaha, "Na wewe pia, kaka!" akakata kona.

Huyo mwanamke, nimeambiwa, ni Bi Edeltraud Zirngibl wa Regensburg, mjane, abiria wenu. Goti lilimvimba kwenye daraja, akashindwa kuendelea, na mume wangu akajitolea. Ziko teksi. Iko tramu, na mwenzetu huyu anaijua. Lakini hapana, akampandisha kwenye keria.

Pengine wewe una gari na dereva, kwa hiyo nikueleze uzito wa jambo hili. Keria ya Douwe ni mahali pangu. Mimi nilichumbiwa pale. Hakuwa anasimama, hapa hakuna anayesimama. Anapita polepole, wewe unakimbia kando yake, unaruka, unakaa upande, na ukikosea shauri yako. Niliruka hivyo mpaka mimba ya Marloes ilipokataa, na baada ya hapo nikaruka tena. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Hakuna siku tuliyokubaliana kwamba basi. Nilipomuuliza kwa simu kuhusu huyo mama, alisema, "Geertje, ile ni baiskeli ya kampuni, keria si yangu." Mtu akianza kujitetea kama wakili, jua ameshaharibika, na aliyemharibu ni mwenye baiskeli.

8. Anazungumza.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa, na hayo mengine saba yangekuwa peke yake nisingekusumbua. Kila baada ya chakula cha jioni anapiga simu na kuzungumza mpaka sikio linapata moto. Jumanne alinieleza kwamba ile nyumba ya kona ya mfereji wa Brouwersgracht imeegemea mbele. Nilimwambia imeegemea tangu tukiwa vijana. Akasema, "Ndiyo, lakini umewahi kuiangalia?" Akanieleza rangi ya maji chini ya madaraja, akanieleza mtu aliyebeba fidla kubwa kwenye baiskeli ya mizigo, akanieleza kwamba upepo kwenye kivuko cha kwenda Noord, ng'ambo ya maji, unanukia kakao pale upande fulani. Halafu akaniuliza mimi, Ndugu Mkurugenzi, napenda daraja lipi. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo na maswali yake kwangu yamekuwa mawili: funguo ziko wapi, na tunakula nini. Nikamwambia mimi sina daraja, nikakata simu. Kisha nikabaki nimekaa na simu mkononi kwa sababu ninalo.

Sasa ngoja niseme ukweli, kwa kuwa barua imeshakuwa ndefu na wewe hunijui. Mgongo wangu hauna neno. Nilikataa meli yako kwa sababu ya meza. Nimeiona kwenye kijitabu chenu, ukurasa wa kati: meza ndogo ya watu wawili, kitambaa cheupe, mshumaa, mume na mke wanatazamana na wote wanatabasamu. Nyumbani Douwe na mimi hatutazamani. Yeye anaosha vyombo, mimi nafuta, redio inasema. Ni ndoa nzuri hiyo na simruhusu mtu aidharau. Lakini tukikalishwa kwenye ile meza wiki nzima, bila vyombo wala redio, tutagundua kwamba hatuna la kuambiana. Na tutagundua tukiwa majini, mahali ambapo mtu hawezi kusema anatoka kidogo kwenda kununua maziwa. Niliogopa. Nikaona afadhali aende peke yake, arudi, tuendelee kufuta vyombo bila kujua.

Kumbe maneno anayo! Anayo tele. Ameyaokota kwenye baiskeli yenu katika mitaa ambayo nami ninaipita na kapu kila siku, na leo alasiri anayapakia melini kuyapeleka Basel, akayamwage mezani mbele ya Bi Zirngibl, ambaye kitanda changu hana lakini kiti changu anacho. Mimi nimebaki na supu tatu.

Kutokana na hayo yote, naiomba Kampuni yako ifanye mambo yafuatayo bila kuchelewa:

(a) Imkatalie Douwe Kloosterboer kupanda meli leo, kwa sababu yoyote ya kitaalamu mtakayoiona inafaa. Uzito, kwa mfano. Amekuwa akila hotelini.

(b) Imrejeshe nyumbani akiwa kama mlivyomkuta: kichwa wazi, mdomo umefungwa, hana daraja analolipenda.

(c) Itume mtu mwenye kipaza sauti, hata huyo Fenna, apite Lindengracht kuwatangazia wale ambao hawakumwona jana kwamba Douwe yu hai, na kwamba sufuria zitarudishwa zikishaoshwa. Mimi siwezi kulisema hilo kwa uso huu nilio nao.

(d) Kama (a) imeshindikana, basi meli ipite mlangoni kwangu, nione mwenyewe nani amekaa wapi. Najua utasema Lindengracht haina maji. Ilikuwa nayo. Ulikuwa mfereji kamili mpaka wazee wa zamani walipoufukia, na kilichofukiwa kinaweza kufukuliwa. Soko la Jumamosi litahamia Westerstraat kwa muda. Nimeshamwandikia barua ya kushauri mkuu wa mitaro wa manispaa, nakala nimeiambatanisha. Mkianza kuchimba leo asubuhi kwa bidii, na mkawaazima watalii wenu majembe, kwa kuwa kofia ngumu tayari wanazo, sioni kwa nini kazi isiishe kabla ya alasiri.

Nitashukuru nikipata jibu kwa maandishi. Simu usipige, namba yangu imezoea kupigwa na mtu mwingine saa za jioni na nisingependa akute laini ina mtu.

Naomba unifikishie salamu kwa nahodha, kwa wapishi, na kwa wale wanaotandika vitanda, hasa yule atakayekuta kitanda kimoja hakijalaliwa katika chumba chetu. Mwambie asijisumbue kukifungua. Msalimie Fenna, ila kwa kifupi. Msalimie mkeo na watoto. Bi Zirngibl mwambie nimemsalimia goti.

Wako katika masikitiko na heshima zote,

Geertje Kloosterboer-Pronk
(mke halali wa abiria tajwa)

Nyongeza, Köln, Ujerumani, Jumamosi.

Ndugu Mkurugenzi, kama unavyoona kwenye mhuri, barua hii imechelewa kidogo. Sikuitia posta siku ile kwa kuwa nilitaka nimkabidhi nahodha mkononi. Nilipanda baiskeli nikaja nayo gatini. Douwe alikuwa amesimama penye ubao wa kupandia, hajavaa kofia yoyote, anatazama njia inayotoka upande wa kwetu. Wenzake wote walikuwa wameshaingia. Akasema, "Umekuja." Nikasema, "Nimeleta barua." Akasema, "Basi ingia uipeleke, nahodha yuko juu."

Nahodha alikuwa kwenye shughuli za kung'oa nanga. Binti mmoja akanikalisha nimsubiri, akaniletea kahawa na sahani ya biskuti, akaiweka sahani mezani, akaenda zake. Nimelelewa katika nyumba ambamo mgeni hupewa biskuti moja, kisha kopo linafungwa na kurudi kabatini. Sahani iliyoachwa wazi namna ile sikujua inaishia wapi, nikaendelea kula. Nilipoinua macho tulikuwa tumeshaingia mferejini na ng'ombe wa Weesp wananitazama. Niliuliza kama meli inasimama Utrecht. Nikaambiwa haisimami. Sikuuliza mara ya pili.

Vipengele (a) mpaka (d) naomba vifutwe, na nakala ya mkuu wa mitaro ichanwe. Marloes atapita nyumbani kufungua mapazia, maana kwa sasa mtaa, ukiacha Cor na Ans, unajua tumekufa wote wawili. Nguo sina, nimeazimwa na Bi Zirngibl, ni mnene kidogo kunizidi lakini ana roho nzuri, na goti lake kweli limevimba, nimeliona.

Kuhusu ile meza, ni ndogo kuliko ilivyo kwenye picha. Jioni ya kwanza tulikaa, mshumaa ukawashwa, na Douwe akanyamaza kimya. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitambaa cha kufutia vyombo. Nikasema moyoni, haya, tumefika. Basi nikamwambia yote: mgongo, paka, redio, na hofu yangu ya meza hii. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Unafikiri mimi nilifuata ile bendera siku mbili kwa ajili ya bei? Nilijua ipo siku nitakaa nawe hapa. Nilikuwa natafuta cha kukuambia."

Mtu wa kuleta supu alifika, akatutazama, akarudi nayo. Ndipo nikamjibu, na tangu hapo hatujanyamaza. Kwa hiyo siku mbili tatu zijazo utapokea barua nyingine kutoka melini, ya Bi Zirngibl wa meza ya jirani, akilalamika kwamba kuna wazee wawili Waholanzi wanaozungumza na kucheka tangu kifungua kinywa hadi mishumaa inapozimwa, hata mtu hawezi kula kwa amani. Kila alichokiandika humo ni kweli. Naomba msichukue hatua yoyote.